Taa ya Breki Haizibwi Utepe

Siku ya kusafisha kidonda, nyumba ile iliamka mapema. Mama Pacha alichemsha maji ya kumwogesha Bibi kabla ya kwenda kituo cha afya. Alitandika kitambaa safi juu ya kigoda. Bibi akauweka mguu wake pale kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai.

"Unauma, mama?" aliuliza Mama Pacha.

"Ungeuma ningefurahi," alisema Bibi. "Mguu usiouma ndio unaonitia hofu."

Bibi ni mama mzazi wa Baba Pacha. Ana ugonjwa wa kisukari. Ugonjwa huo ulikuwa umeuchosha mguu wake hata ukawa hausikii vizuri. Kokoto iliingia ndani ya kiatu, naye akatembea nayo kutwa bila kujua. Kidonda kikaanza kisiginoni, kidogo kama punje ya mahindi. Sasa kilikuwa kikubwa.

Muuguzi wa kituo cha afya hakuwaficha. "Kidonda hiki kisafishwe hapa kituoni, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Na mguu huu usikanyage chini. Mkizembea, bibi ataupoteza."

Basi gari ndilo lilikuwa miguu ya Bibi.

Lilikuwa gari kuukuu, jeupe, lenye mlango mmoja wa bluu uliotoka kwenye gari jingine. Baba Pacha ni seremala, na kutwa nzima yuko karakana. Mwendeshaji ni Mama Pacha, ambaye hushona nguo nyumbani. Pacha wao wakishakwenda shule, yeye humpakia Bibi kiti cha mbele, humfunga mkanda, kisha hushuka naye mteremko mrefu mpaka kituo cha afya.

Asubuhi hiyo, walipokaribia kusimama kwenye njia panda, pedali ya breki ilitetemeka chini ya mguu wa Mama Pacha. Ilitoa mlio, krrr, krrr. Gari likachelewa kusimama.

"Mwanangu," alisema Bibi, "gari hili lina homa?"

"Hata mimi silielewi, mama."

Walipokata kona, taa ya manjano ikawaka mbele ya usukani. Ilikuwa na herufi tatu: A, B na S. Haikuzima mpaka walipofika na kuzima gari.

Jioni Mama Pacha alimweleza mumewe. Baba Pacha alicheka.

"Tatizo ni mguu wako. Unakanyaga breki kama unaua mende. Breki hubembelezwa."

"Mimi nakwambia pedali inatetemeka, wewe unaniletea mende."

"Haya, usinune. Nitaitazama."

Baba Pacha ni mtu wa mikono. Kiti kikilegea, atakikaza. Bomba likivuja, atalifunga. Hakuna kitu kinachomshinda, au tuseme, hakuna kitu anachokubali kwamba kimemshinda. Jamaa mmoja wa kijiweni alimwambia, "Chomoa fyuzi ya hiyo ABS. Magari ya zamani hayakuwa na mambo hayo, na watu walifika." Baba Pacha akaichomoa.

Kweli, pedali iliacha kutetemeka. Lakini taa sasa iliwaka muda wote. Baba Pacha akachukua utepe mweusi wa umeme, akakata kipande, akakibandika juu ya ile taa.

"Imepona," alisema, akipangusa mikono.

Mama Pacha alitazama. "Umeitibu, au umeifumba macho?"

"Mke wangu, nawe huridhiki!"

Haikuchukua muda mvua ikanyesha. Siku hiyo Mama Pacha alikuwa akishuka mteremko na Bibi kando yake. Mtu mmoja mwenye mkokoteni wa madumu ya maji alikatiza mbele yao. Mama Pacha alikanyaga breki kwa nguvu zote.

Magurudumu yalijifunga, lakini gari halikusimama. Liliteleza kama sabuni juu ya sakafu. Mama Pacha aliuzungusha usukani kushoto. Gari halikusikia. Aliuzungusha tena. Gari likaenda linakotaka lenyewe, likampita yule mtu karibu sana, likaangukia mtaroni kwa tairi moja.

Kisha yule mwenye mkokoteni akasema, "Mama, umenipitia kama wembe wa kinyozi!"

Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Lakini kisigino cha Bibi kilikuwa kimegonga chuma chini ya kiti. Bandeji ililowa damu.

Watu wema walilisukuma gari likatoka. Muuguzi alikifunga kidonda upya, akatikisa kichwa. Njiani kurudi, Bibi hakusema neno. Mtu mzima akinyamaza hivyo, usidhani amesahau.

Jioni Mama Pacha alikuwa jikoni akiosha vyombo. Akamsikia Bibi akimwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "Mimi simsemi mtu vibaya. Mkeo ana moyo mzuri. Lakini gari lile siingii tena, hasa akiwa ameshika usukani yeye."

Naye Baba Pacha akajibu, "Nilimwambia kuhusu mguu wake wa breki."

Mama Pacha alisimama na sahani mkononi. Machozi yalimjia. Aliisuuza ile sahani mara ya pili, ingawa ilikuwa safi.

Siku ya kituo ilifika, Bibi akakataa kwenda. Ikafika nyingine, akakataa. Mama Pacha alisafisha kidonda nyumbani kadiri alivyojua. Lakini asubuhi moja alipofungua bandeji, alisikia harufu. Nyama ya pembeni ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama," alisema, "leo lazima twende."

"Mungu ataniponya, mwanangu."

"Ataponya, mama. Lakini na yule muuguzi ni wa Mungu. Kama huniamini mimi, nitakutafutia mtu mwingine wa kukupeleka leo. Na gari nitalipeleka kwa fundi. Likishapona, uamuzi ni wako."

Jirani mwenye gari alikubali kumpeleka Bibi siku hiyo, ila alikuwa anasafiri kesho yake. Muuguzi aliwaambia, "Nafuu mmewahi. Bado kinatibika. Lakini asikose tena hata mara moja."

Mama Pacha aliporudi hakukaa chini. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa magari wa mtaa wa nyuma. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni. Ukimharakisha, anasema "taratibu". Ukimcheleweshea chai, anasema "taratibu" pia.

Fundi alikuja nyumbani asubuhi ya kesho yake na sanduku lake la vifaa. Baba Pacha naye aliacha randa yake akaja kusimamia. Bibi alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya mto, anatazama kila kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari wa gari hili lenye homa?"

"Ndiye mimi." Fundi alifungua mlango, akatazama mbele ya usukani, akausugua ule utepe kwa kidole. "Ala! Nani kaifunga macho hii?"

Baba Pacha akatazama juu, kama mtu anayetafuta ndege.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Ilikuwa inakera."

"Ndiyo kazi yake, ndugu yangu. Taa haikuwekwa ikupambe. Imewekwa ikukere mpaka ufanye jambo."

Bibi akadakia kutoka barazani, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi najua. Nilikificha kidonda changu hivyo hivyo, kwa soksi."

Fundi alibandua utepe. Akarudisha fyuzi mahali pake. Akaliendesha gari polepole uwanjani, mbele ya nyumba. Kisha akachomeka kifaa kidogo cha kupimia chini ya usukani. Kifaa kikaonyesha: gurudumu la mbele kushoto, sensa.

"Sensa?" aliuliza Bibi. "Sensa mimi naijua ile ya kuhesabu watu."

Fundi alicheka. "Basi hujakosea sana, bibi. Hii nayo inahesabu. Wasomi wanaiita kihisi. Kila gurudumu la gari hili lina yake. Inahesabu gurudumu linazunguka kwa kasi gani, kisha inapeleka habari kwenye kisanduku cha breki, ndiyo hiyo ABS."

"Kisanduku kinazifanyia nini hizo habari?" aliuliza Mama Pacha.

"Kinalinganisha. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye maji, gurudumu moja linaweza kujifunga. Halizunguki tena, linateleza tu. Na gari linaloteleza halisikii usukani."

"Halikunisikia," alisema Mama Pacha polepole. "Nilizungusha, halikunisikia."

"Lisingeweza kukusikia, mama. Kisanduku kikiwa kizima, kinaona gurudumu linataka kujifunga, kinailegeza breki kidogo, kinaikamata tena, haraka haraka. Hapo pedali hutetemeka mguuni, na usukani unaendelea kufanya kazi. Lakini sensa ikiharibika, kisanduku kinadanganywa. Kinadhani gurudumu limejifunga, kumbe linazunguka vizuri. Kinalegeza breki pasipo haja. Ndiyo ile homa aliyoiona bibi."

"Na fyuzi?" aliuliza Baba Pacha.

"Ulipoichomoa, breki za kawaida zilibaki. Mlinzi wa kuteleza akaondoka. Siku ya jua huoni tofauti. Siku ya mvua ndiyo unaiona."

Baba Pacha alikohoa. "Basi nikanunue sensa, tufunge, tumalize."

"Taratibu. Kifaa kinasema upande gani unaumwa. Hakisemi ugonjwa ni nini. Inaweza kuwa uchafu. Inaweza kuwa plagi imeingia maji. Wengi wananunua sensa mpya, na taa inawaka vilevile. Tuangalie kwanza."

Alivuta breki ya mkono, akatoa ufunguo. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Alilegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, ndipo akaweka jeki. Gari lilipoinuka, akaweka stendi ya chuma chini yake.

"Jeki ni ya kuinua," alimwambia Baba Pacha. "Si kitu cha kutegemea ukiwa umelala chini ya gari. Jeki ikiteleza haiombi msamaha."

Alitoa tairi, akachuchumaa. Kutoka nyuma ya gurudumu ulitoka waya mweusi. Ulikuwa umefungwa kwenye chuma kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Ulizungushwa mara nyingi, ukakazwa, ukapigwa fundo la nguvu.

Fundi alichomoa plagi ya waya ule, akaupima kwa mita yake ya umeme. "Shika usukani, mama. Weka katikati. Haya, sasa kata wote kulia."

Usukani ulipokuwa katikati, mita ilionyesha namba. Ulipokatwa, ukanda wa mpira uliuvuta waya, na namba ikapotea.

"Mmeona? Waya umekatika ndani. Kwa nje ni mzima. Gurudumu hupanda, hushuka, hugeuka. Waya wake lazima uwe na nafasi ya kulifuata. Huu umenyimwa nafasi. Kila kona ulivutwa, mpaka nyuzi za ndani zikakatika." Akainua kichwa. "Nani aliufunga?"

Mama Pacha alijua. Alikuwa amemwona mumewe akikata ule mpira kwa mkasi wake wa kushonea. Lakini hakumtazama. Alitazama chini.

"Ni mimi," alisema Baba Pacha. Safari hii hakutafuta ndege. "Kibanio cha plastiki kilivunjika, waya ukaning'inia. Nikaogopa tairi litausaga. Nikaukaza imara. Kazi yangu ni mbao. Mbao hukazwa."

"Mbao haikati kona, ndugu yangu," alisema fundi kwa upole. "Ulikusudia mema. Ila kitu kikivunjika kibanio, kinatafutiwa kibanio."

Baba Pacha alisimama kidogo. Kisha akapanda barazani, akachuchumaa karibu na mguu wa mama yake.

"Mama, siku ile haikuwa yeye. Ilikuwa mimi. Waya niliufunga mimi, fyuzi niliichomoa mimi, taa niliiziba mimi. Yeye alikanyaga breki sawasawa."

Bibi alimtazama mwanawe. "Na maneno ya mende ulimwambia wewe?"

"Niliyasema mimi."

"Ondoka hapo. Mwite mkeo."

Mama Pacha alikuja akipangusa mikono kwenye nguo yake. Bibi akamshika mkono.

"Mwanangu, nilikubebesha mzigo usio wako. Tena nilisema ukiwa unasikia, maana nilisikia vyombo vimenyamaza. Niwie radhi."

"Yameisha, mama."

"Moyoni yameisha," alisema Bibi. "Lakini sikufichi. Nikiukumbuka ule mteremko, mwili wote unakataa."

Siku ya kidonda ilikuwa kesho. Jirani alikuwa ameshasafiri.

Kwa gari lile, sensa na waya wake ni kitu kimoja. "Siwezi kuunga waya hapa katikati?" aliuliza Baba Pacha.

"Ukiunga, maji yataingia, na hapo ndipo unapojipinda kila siku. Utakatika tena, labda njiani. Tubadilishe yote."

Sensa ya zamani ilikuwa imeganda kwa kutu. Baba Pacha alimpa fundi nyundo. Fundi akairudisha. Alinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, akaenda kunywa chai. Aliporudi aliitikisa sensa kidogo kidogo, huku na huku, ikatoka nzima.

"Ukiipiga itavunjika, kipande kibaki ndani ya tundu," alisema. "Hapo kazi ya asubuhi inakuwa ya siku nzima."

Alimkabidhi Mama Pacha. "Nenda nayo dukani. Usinunue kwa maneno. Ziweke pamoja, ya zamani na mpya."

Ushauri huo ulimsaidia. Muuzaji alileta sensa moja, akasema, "Ndiyo yenyewe hii, mama. Zote sawa." Mama Pacha aliziweka mezani. Umbo lilifanana. Lakini waya wa ile mpya ulikuwa mfupi, na plagi yake ilikuwa na umbo jingine.

"Kaka, hizi ni ndugu, lakini si pacha. Mimi pacha ninao nyumbani, nawajua."

Muuzaji alitazama tena, akacheka, akaingia ndani. Ile ilikuwa ya kulia; sasa alitoka na ya kushoto. Waya, plagi na namba vikalingana. Mama Pacha alidai na vibanio vipya.

Kabla ya kufunga, fundi alisafisha lile tundu kwa brashi mpaka likang'aa. Akamwonyesha Mama Pacha pete ya meno iliyo ndani, inayozunguka na gurudumu.

"Sensa huhesabu meno haya. Jino likivunjika, au unga wa chuma ukijaa, hesabu inaharibika. Haya ni mazima."

Baba Pacha alikuwa na kopo la grisi mkononi. Fundi akalitazama.

"Nchani kwa sensa usipake, ndugu yangu. Itakusanya uchafu."

Baba Pacha akaliweka kopo chini, akajicheka mwenyewe. "Leo mimi ni mwanafunzi."

Sensa ilikaa vizuri mahali pake. Bolti ilianzwa kwa vidole, kisha ikakazwa kwa spana, bila kutumia nguvu za kupita kiasi. Waya ulipita katika vibanio vyake vyote. Fundi akamwambia Baba Pacha akate usukani wote kushoto, kisha wote kulia. Waya ulifuata, haukuvutwa, wala haukugusa tairi. Wakarudisha tairi, wakashusha gari, wakakaza nati kwa zamu, ya huku na ya ng'ambo yake. Fundi akafuta kosa lililobaki kwenye kisanduku kwa kifaa chake.

"Washa, mama."

Taa ya ABS iliwaka. Baba Pacha akaguna. Kisha ikazima yenyewe.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," alisema fundi. "Ukiwasha gari, inawaka kukusalimia, kisha inazima. Siku ikikaa bila kuzima, endesha polepole, acha nafasi kubwa mbele, uje kwangu. Lakini ikiwaka na ile nyekundu ya breki, usiondoke kabisa. Simama hapo hapo."

Uwanja wa mbele ulikuwa mpana na mtupu. Mvua ya jana ilikuwa imeacha matope. Fundi aliketi kando ya Mama Pacha.

"Hatujaribu breki barabarani kwenye watu. Tunajaribu hapa. Nenda kidogo, kisha kanyaga kwa nguvu. Pedali itatetemeka. Safari hii ni kazi yake. Usiinue mguu. Peleka usukani unakotaka."

Mama Pacha alivuta pumzi. Gari likaenda. Akakanyaga. Pedali ikatetemeka, krrr, naye hakuinua mguu. Akauzungusha usukani kushoto. Gari likageuka kushoto juu ya matope, likasimama.

Barazani, Bibi alikuwa amejiinua kwenye kiti.

"Rudia!" alipaza sauti.

Mama Pacha akarudia. Gari likasikia.

"Rudia tena! Sasa upande wa huku!"

Akarudia. Fundi akacheka. "Bibi, utatumalizia mafuta!"

"Taratibu," alijibu Bibi. "Mguu ni wangu."

Gari liliposimama, Bibi aliketi tena kitini. Halafu akasema, "Kesho msinitafutie jirani."

Kesho yake alipanda gari. Kwenye mteremko alishika mkanda kwa mikono miwili na midomo yake ikawa inasali. Mama Pacha alikwenda polepole, akaanza kupunguza mwendo mapema. Fundi alikuwa amemwambia hivi: sensa nzima haimpi dereva ruhusa ya kwenda mbio. Wakafika.

Hawakukosa tena hata siku moja. Ile harufu ikaisha. Nyama mpya, nyekundu, ikaanza kujaa kutoka pembeni. Muuguzi alikuwa akikipima kidonda kwa macho na kutabasamu bila kusema, kama mtu asiyetaka kuwahi kusifu.

Msimu wa mvua ulipokolea, siku moja walishuka mteremko ule huku maji yakikimbia pande zote za barabara. Muuguzi alikuja na mwavuli kuwapokea. Alifungua mlango wa mbele, akamwona Bibi ameinamisha kichwa, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Akashtuka.

"Mama Pacha! Bibi amezirai?"

Mama Pacha alizima gari.

"Hapana, dada," alisema. "Amelala. Amelala tangu juu ya mteremko."